Usitupe pakiti katikati: kukabiliana na maudhi ya vidonge vya majira

Dada mleta mada, pole. Umeandika kwamba uko wiki ya tatu tangu uanze vidonge vya majira, unameza asubuhi kabla ya kutoka kwenda kazini, kichefuchefu hakikuachi, matiti yanauma, matone ya damu yanakuja na kuondoka, na jirani amekwambia uache leo leo. Wachangiaji wa juu wengi wamemuunga mkono. Mimi nahudumu kliniki ya uzazi wa mpango na nakuomba usikurupuke. Kuacha ni haki yako, lakini ukiacha katikati ya pakiti damu itatoka ndani ya siku chache na kinga ya mimba itaondoka. Ukija kuanza tena, mwili utaanza kuzoea upya, na maudhi haya haya yatarudi. Isipokuwa una dalili za hatari nitakazotaja chini, malizia kwanza vidonge vya homoni na uwe na njia nyingine mkononi.

Chukua pakiti yako uigeuze. Zinazotolewa kwenye vituo vingi, kama Microgynon Fe, zina vidonge 28. Kati yake 21 ni vya homoni, kila kimoja kina mikrogramu 30 za estrojeni na mikrogramu 150 za levonojestreli, ndizo homoni mbili zinazozuia mimba. Vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu, havina homoni, na damu ya mwezi hutoka wakati unavimeza. Mishale ya nyuma inakuonyesha uanzie wapi. Kuna wanaoanzia kwenye vya kahawia bila kujua, kisha wanashangaa kushika mimba. Choo kikiwa cheusi wiki ya kahawia usiogope, ni chuma. Na kama tumbo linakusumbua wiki hiyo peke yake, basi ni hicho chuma kinachokusumbua. Unaweza kuviacha vya kahawia bila kupoteza kinga, mradi siku ya nane uanze pakiti mpya bila kuchelewa.

Sasa kichefuchefu. Estrojeni hufika kilele kwenye damu saa moja hadi mbili baada ya kumeza. Ukimeza asubuhi na chai ya rangi tupu, kilele kinakukuta kwenye daladala. Ukimeza usiku ukiwa umeshiba, kinapita umelala. Kwa hiyo hamisha muda, ila ufupishe nafasi kati ya kidonge na kidonge, usiirefushe: ukimeza asubuhi ya leo, kinachofuata meza leo hii usiku, kisha endelea kila usiku muda uleule. Chagua kitu ambacho hakikosi nyumbani kwako. Wengi wanashikiza kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, maana ikianza tu mtu anakumbuka, na wengine wanaweka kengele ya simu. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, meza kingine mapema iwezekanavyo, halafu endelea kama kawaida. Pakiti itaisha siku moja mapema, haina neno. Kutapika au kuharisha kukizidi siku mbili, hesabu kama umeruka vidonge.

Matone ndiyo yanayowatoa wengi kwenye vidonge, kwa hiyo nakaa hapa kidogo. Homoni hizi hufanya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba, na miezi mitatu ya mwanzo ukuta huo bado haujatulia, ndiyo maana unamwagika vipande vipande. Hiyo haimaanishi kidonge kimeshindwa kazi. Kiwango cha homoni kikishuka, kwa sababu leo umemeza saa mbili usiku na kesho ukasahau hadi mchana, ukuta unabomoka tena kidogo. Kabla ya kulaumu dawa jiulize muda. Wapo pia wanaomeza siku mume yupo tu, akisafiri wanaacha. Hao damu haitakaa ikatulia, na kinga hawana.

Umesahau? Kwa vidonge vya nguvu hii, ukikosa kimoja au viwili vya homoni, meza kimoja mara ukikumbuka na uendelee kwa muda wako, hata kama siku hiyo utameza viwili. Kondomu si lazima. Ukikosa vitatu au zaidi wiki ya kwanza au ya pili, meza kimoja mara moja, endelea, na tumia kondomu siku 7. Kama umekutana na mwenzio ndani ya siku 5 zilizopita, uliza kituoni kuhusu dawa ya dharura, P2 wanayoiita wengi. Ukikosa vitatu wiki ya tatu, malizia vya homoni vilivyobaki, tupa vya kahawia vyote, anza pakiti mpya kesho yake, kondomu siku 7, na dawa ya dharura uiulizie vilevile. Vya kahawia ukisahau, tupa ulivyoruka.

Kama muda wako ni sahihi na matone yanakukera, ibuprofen hupunguza kwa muda: miligramu 800 mara tatu kwa siku baada ya kula, kwa siku 5, kuanzia damu inapoanza. Hicho ni kiwango kikubwa, kwa hiyo mwambie mhudumu kwanza, na usikiguse kama una vidonda vya tumbo, tatizo la figo, pumu inayochokozwa na dawa za namna hiyo, au unahisi una mimba. Matone yakizidi miezi mitatu, au yakianza ghafla baada ya miezi mingi ya utulivu, au yakija na maumivu chini ya kitovu au uchafu wenye harufu, hayo si ya kuzoea tena. Inaweza kuwa maambukizi, uvimbe, au dawa nyingine unayotumia. Rifampisini ya kifua kikuu huunguza homoni kwenye ini hadi kidonge kinakosa nguvu, na baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini zinafanya vivyo hivyo. Ukiwa kwenye dawa hizo, sindano au kitanzi ni salama zaidi kwako. Ukimaliza rifampisini, athari yake inabaki kama wiki nne. ARV zenye dolutegraviri hazina shida hiyo, ila efavirenzi inaweza kupunguza nguvu ya kidonge.

Matiti kuuma hupungua yenyewe baada ya pakiti mbili tatu. Vaa sidiria inayoshika vizuri, hata usiku, kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu au baridi, na ikizidi meza paracetamol 2 za miligramu 500. Uvimbe usioondoka hata damu ikipita, onyesha.

Kichwa kikiuma wiki ya kahawia tu, ni estrojeni imeshuka. Muulize nesi kuhusu kuruka vya kahawia na kuunganisha pakiti, ni jambo linaloruhusiwa na wengi linawasaidia. Kipandauso kinachotanguliwa na mwanga unaomulika, mistari ya kupindapinda machoni au ganzi ni habari nyingine kabisa: acha vidonge vya estrojeni siku hiyo hiyo, maana hatari ya kiharusi inapanda.

Madoa usoni huletwa na estrojeni ikisaidiwa na jua. Kofia, mtandio, losheni ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi. Mkorogo usiguse, utabaki na madoa na ngozi iliyoharibika juu yake.

Kuna hasira, huzuni na kukosa hamu ya tendo. Haya hayaonekani kwa macho, na wanawake wengi wanaambiwa wanajidekeza. Si kweli, yapo, na ukiona hujifahamu mwenyewe una haki ya kubadilishiwa hata kabla ya miezi mitatu. Unene? Maji yanaweza kujaa kidogo mwanzoni. Vidonge kurundikana tumboni au kuua kizazi ni uongo: vinayeyuka kila siku, na ukiacha unaweza kushika mimba mwezi huo huo. Hofu nyingi tumerithi kutoka enzi za vidonge vikali. Enovid, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1960, kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni.

Dalili za kukufanya uache kumeza na uende hospitali muda huo huo: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, kifua kubana au pumzi kukata, maumivu makali ya tumbo hasa upande wa juu, kichwa kikali cha ghafla, kuona giza au kuona vitu viwili, mwili kulegea upande mmoja, macho kuwa ya njano. Damu kuganda mishipani ni nadra: katika wanawake 10,000 wanaomeza vidonge vya levonojestreli kwa mwaka, ni 5 hadi 7, na kwa wasiomeza na wasio wajawazito ni 2. Ni nadra, lakini inaua, ndiyo maana nimeiandika.

Presha ikifika 140/90, ukivuta sigara na umevuka miaka 35, au unanyonyesha mtoto chini ya miezi 6, vidonge vya estrojeni si vyako. Omba vya homoni moja kama Microlut, ambavyo ni 35, vyote vina homoni, havina vya kahawia. Vinadai nidhamu kali zaidi: usichelewe zaidi ya saa tatu.

Ukirudi kliniki nenda na pakiti yenyewe na tarehe za matone umeziandika, na usiondoke kabla hujapimwa presha. Na hapa utujibu, dada: kuna siku yoyote uliruka? Unanyonyesha? Kuna dawa nyingine unayotumia?