Mlango wa jikoni uache wazi, mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, tunaishi Walukuba hapa Jinja. Mwaka huu wote mikono imenitesa. Asubuhi vidole vimekaza, hata kufunga kifungo cha sare ya mtoto siwezi, mpaka kwenye saa nne ndipo vinaanza kulegea. Vifundo vya vidole vimevimba, kulia na kushoto. Vikombe vinanidondoka. Basi nimejitafutia njia zangu za kupika. Matoke nayachemsha kwanza na maganda yake, ndipo namenya. Ubao wa kukatia naukanyaga kwa mguu, mimi nimekaa mkekani. Pakiti za chumvi na mafuta nazifungua kwa meno. Sufuria ya maji ya moto naikumbatia kwa taulo, naibeba kifuani. Mlango wa jikoni huwa nafunga nisionekane.*

*Siku ya pili ya Idd, mama mkwe aliyetoka Iganga aliingia kwa mlango wa nyuma, akanikuta nimekanyaga ubao na maganda yanachemka. Hakusema neno. Alirudi sebuleni, na chakula hakukigusa. Sasa wifi yangu amenipigia simu: huko kwao inasemwa napika kwa miguu, tena ni mvivu wa kumenya. Mume wangu namwambia ni uchovu tu. Nanunua diklofenaki duka la dawa, siku inapita. Mama mkwe atarudi mwezi ujao. Nitafute msichana wa kazi apike kwa siri, au nisipike kabisa wageni wakiwepo?*

*Mke wa Walukuba*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama palepale: habari za mama mkwe umeziandika kwa kirefu, za mikono yako umezipitia mbiombio. Mimi nitaanza na mikono, kwa sababu mama mkwe anaweza kusubiri mwezi, mikono haiwezi.

Mimi si daktari. Lakini vidole vinavyokaza asubuhi kwa saa nyingi, vifundo vilivyovimba pande zote mbili kwa pamoja, na hali hiyo kwenda mwaka mzima, huo si uchovu. Ni dalili ambazo daktari anapozisikia hufikiria ugonjwa wa baridi yabisi, ule ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Unaweza kuwa huo, unaweza kuwa mwingine, na atakayejua ni yule atakayekushika mikono na kukupima damu. Nenda hospitali ya rufaa hapo Jinja, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, hasa hiyo habari ya saa nne. Wakiona inafaa watakuelekeza Mulago, hospitali kuu ya taifa kule Kampala. Ugonjwa huu una dawa zake za kuupunguza kasi, na dawa hizo husaidia zaidi zikianza mapema, kabla kiungo hakijaliwa. Kiungo kikishapinda, kidonge hakikinyooshi.

Diklofenaki inatuliza maumivu, haizuii kiungo kuharibika. Kuimeza kila siku bila mtu kukuangalia kunaweza kukuletea vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Paketi hiyo nenda nayo, umwonyeshe daktari unameza kiasi gani.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeyaona. Mama yangu mzazi alikuwa na mikono kama yako, kule Tororo nilikokulia. Aliificha. Tukikaa kula, yeye alikuwa na kazi ya kufanya uani, atakula baadaye. Siku moja nilirudi kuchukua maji nikamkuta nyuma ya nyumba anakula posho, yaani ugali, kwa kijiko, sahani ipo mapajani. Vidole havikuweza tena kulifinya tonge. Aliponiona alikiingiza kijiko ndani ya leso haraka, kama mtoto aliyeiba sukari. Wakati huo vidole vyake vilikuwa vimeshalala upande wa kidole cha mwisho, vyote vinne, na havikurudi. Sisi watoto tulidhani mama anapenda kula peke yake. Ndiyo maana neno lako la kufunga mlango limenikaa kifuani.

Sasa tuingie hilo jiko lenyewe.

Kuchemsha matoke na maganda yake si uvivu, ni akili. Ndizi mbichi inashika ganda lake kwa nguvu, na kumenya kwetu kwa kisu kunataka vidole vibane ndizi upande mmoja na kisu upande mwingine, tena kwa ndizi thelathini au arobaini kwa mlo wa familia. Hakuna kazi inayoumiza kifundo cha kidole kuliko kubana. Huko Jamaika ndizi mbichi huchemshwa na maganda yake, na hakuna anayesema ni wavivu. Ila ulifanye vizuri. Kata ncha mbili, uchane ganda mstari mmoja kutoka juu hadi chini, tia kijiko cha mafuta kwenye maji ili utomvu usiiharibu sufuria. Ganda likipoteza ule ukijani wake, kiasi cha dakika kumi hadi kumi na tano, toa, mwagia maji baridi, kisha sukuma ganda kwa mgongo wa kijiko. Litavuka lenyewe. Hapo funga kwenye majani ya mgomba, weka kwenye mvuke kama kawaida. Nikuambie ukweli: rangi itafifia kidogo, haitakuwa ile ya manjano ya kung'aa. Anayekula kwa macho ataiona tofauti hiyo. Wakati wa kuyaponda ndani ya majani usiyafinye kwa vidole. Weka taulo juu ya kifurushi, juu yake sahani ya bati iliyofunikwa kifudifudi, nyoosha viwiko, sukuma kwa uzito wa mabega.

Kuna njia nyingine ambayo wengi wanaitumia bila kuionea haya: sokoni wapo kina mama wanaokaa na kisu wakikumenyea matoke na kuyatia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, na kabichi wanakukatia. Unaongeza pesa kidogo. Siku ya wageni, iongeze. Karanga nazo nunua zilizosagwa.

Tuje kwenye mguu. Hapa nitagawa haki pande mbili. Mwanamke kukaa chini na kushikilia chombo kwa mguu si jambo geni duniani wala kwetu. Bibi zetu walibana kinu kidogo katikati ya nyayo walipokaa kutwanga. Mbuzi ya kukunia nazi haikaliwi? Uzito wa mwili ndio unaoishika, mikono kazi yake ni kuzungusha tu. Kule Bengali kuna kisu kiitwacho boti, kimesimama kwenye ubao. Mpishi anakanyaga ubao, na kwa mikono miwili anasukuma mboga kwenye makali. Vyombo hivyo vyote vina siri moja na wewe umeigundua peke yako: mkono usishike, mkono usukume. Kushika kuachie kitu kingine.

Lakini na mama mkwe wako simlaumu. Amelelewa kwamba mguu na chakula havikai pamoja, na aliona ghafla, bila kuelezwa. Tena ubao unaokanyagwa huwa karibu na vumbi. Basi mguu tuupumzishe, kazi yake tumpe fundi seremala. Mwambie akutengenezee ubao wa mbao ngumu, upana wa kama sinia. Kona moja aigongee kingo mbili ndogo, urefu wa kidole, ili mkate au nyanya uiegemeze hapo isikimbie. Ukingo wa mbele chini apigilie kibao kinachoning'inia, kinase kwenye meza ubao usiteleze. Katikati apitishe misumari miwili isiyoshika kutu kutokea chini, ncha zitokeze juu. Kitunguu, kiazi, kipande cha muhogo, unakichomeka hapo, kinasimama chenyewe, nawe unamenya kwa mkono mmoja, mwingine umepumzika. Ukimaliza, chomeka vizibo kwenye ncha zile, una watoto. Na kabla fundi hajamaliza, tandika kitambaa kilicholowa chini ya ubao ulionao. Hautateleza.

Meno, hapana. Tumia mkasi. Jino halioti tena kwa mtu wa miaka 41.

Na lile la kukumbatia sufuria ya maji ya moto, mwanangu, nakuomba uache leo hii, hata kabla hujamaliza kusoma. Sufuria zetu hazina mikono ya kushikia, zinategemea vidole viwili na kitambaa, na wewe vidole hivyo huna. Kidole kikikataa katikati ya njia, maji yale ni kifua chako, au ni mtoto aliye nyuma yako. Maji usiyabebe. Yachote kwa kombe, kidogo kidogo, sufuria ikiwa palepale kwenye sigiri. Viazi na muhogo vitie kwenye chujio kubwa ndani ya sufuria, vikiiva unatoa chujio, maji yanabaki. Maji ya kupikia pia, weka sufuria tupu jikoni kwanza halafu ujaze kwa kombe. Itachukua muda. Acha ichukue.

Posho nayo usijitese. Unga ukishakaza, mwiko unapigana na mkono. Ukilazimika, tafuta mwiko mrefu, ushike kwa ngumi mbili, vidole gumba juu kama mtu anayetwanga, sigiri ikiwa chini, ukoroge kwa mabega. Lakini mimi ningempa mwiko mume wako. Wala asiniambie hiyo ni kazi ya wanawake. Kwenye shule zetu za bweni, posho ya mamia ya watoto inakorogwa na wanaume, kwa miko mirefu kama makasia. Mkubwa wako kama ameshavuka miaka kumi na miwili, naye ajifunze.

Kitu kimoja cha bei rahisi kabisa. Nenda kwa fundi baiskeli, mwombe tyubu iliyochoka, ile wanayokatakata kufungia mizigo. Kata utepe, zungushia mpini wa kisu, wa kijiko, wa mwiko, mpaka unene ufike wa hindi lililomenywa. Mpini mwembamba unalazimisha vidole vijikunje mpaka mwisho. Mnene unaushika na mkono nusu wazi. Mwaka 1990 Mmarekani mmoja, Sam Farber, alianza kuuza visu vya kumenyea vyenye mipini minene ya mpira baada ya kumwona mkewe mwenye ugonjwa wa viungo akihangaika, na watu wenye mikono mizima nao wakavipenda. Kipande kingine cha tyubu hiyo kiweke kwenye kifuniko cha chupa kisiteleze, na ufungue kwa kiganja, mkono mzima ukizunguka, si kwa ncha za vidole.

Msichana wa kazi mchukue kama uwezo upo, kwa mshahara na kwa jina lake. Ila asije kuwa pazia. Ukimficha jikoni, wifi atajua kabla wiki haijaisha, na uvivu uliosemwa utakuwa umepata shahidi.

Mume aambiwe bila kuchelewa. Usimwambie "mikono inauma", hilo ameshalizoea. Mwamshe alfajiri, kabla vidole havijalegea, uiweke mikono yako kwenye yake, umwombe akukunjie ngumi. Akishaona haikunjiki atakuelewa, na safari ya hospitali hutaenda peke yako. Yeye ndiye azungumze na dada yake. Wewe na wifi msijibizane kwa simu.

Mama mkwe ni wako. Akifika, usimpokee na chakula kilichokwisha kuiva. Mpeleke jikoni, mpe kigoda, mlango ukiwa wazi. Mwambie: "Mama, siku ya Idd uliona nilichokuwa nakuficha. Mikono yangu inaumwa, nimeanza kutibiwa. Nisamehe sikukueleza." Mpe mikono aishike. Kisha weka ule ubao wa misumari mbele yake, na matoke yaliyochemka, na majani. Huku kwetu ssenga, yaani shangazi, ndiye anayemfunza binti jiko, lakini kufunga majani ya mgomba yasivuje mvuke ni ufundi wa mikono mizee, na kukaza fundo ni jambo ambalo wewe sasa huliwezi. Mwombe akufungie.

Halafu niandikie daktari alisema nini.

Shangazi