Fahali wawili ndani ya Python moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miradi miwili kwenye kompyuta moja. Wa kwanza hutoa ripoti za mauzo kila mwezi na unatumia pandas 1.5.3, maktaba ya Python ya kuchambua data. Wa pili ni mpya, na maktaba yake ya kuchora grafu inadai NumPy 2, yaani maktaba ya hesabu ambayo pandas nayo huitegemea. Nilipoisakinisha, ripoti ziligoma. Ujumbe unasema ukubwa wa numpy.dtype umebadilika. Nikirudisha NumPy 1.26, ripoti zinapona lakini mradi mpya unakataa kuwaka. Ajabu ni kwamba pip check, agizo la kukagua vifurushi vya Python vilivyosakinishwa, inasema hakuna tatizo. Rafiki yangu anayeandika JavaScript ana matoleo mawili ya maktaba moja ndani ya mradi mmoja, na yanaelewana. Kwa nini kwangu inashindikana?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hiyo pip check, maana inawapotezea watu muda mwingi. Haijaribu maktaba zako hata kidogo. Inasoma masharti ambayo kila kifurushi kimejiandikia, kisha inaangalia kama vilivyosakinishwa vinayatimiza. Sasa, pandas 1.5.3 ilitoka Januari 2023, na NumPy 2.0 ikatoka Juni 2024. Waandishi wa pandas walitaja NumPy ya chini kabisa wanayoihitaji, bila kuweka ukomo wa juu. Kwa pip, NumPy 2 inatimiza sharti. Lakini pandas ina sehemu zilizojengwa kwa lugha ya C zikitarajia umbo la data la NumPy 1, na NumPy 2 ilibadilisha umbo hilo. Ujumbe uliokutisha ndio uliokuambia ukweli, na pip check haikuwa na njia ya kuujua.

Kuhusu rafiki yako: npm, kisakinishi cha maktaba za JavaScript, inaweza kuweka nakala nyingine ya maktaba ndani ya folda ya kifurushi kinachoihitaji. Python haifanyi hivyo. Folda ya site-packages, ambamo maktaba zilizosakinishwa hukaa, ina nafasi moja kwa numpy, na programu ikishaipakia, kila anayeiomba baadaye hupewa ileile. Fahali wawili hawakai zizi moja, basi jenga mazizi mawili.

Kila mradi uwe na mazingira pepe yake, yaani folda yenye maktaba zake peke yake. Moduli ya venv, inayoyatengeneza, imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3. Angalia jambo moja ambalo maelezo mengi hulipita: venv hutumia Python ileile uliyoiitia, haikuletei nyingine. Vifurushi vya pandas 1.5.3 vilivyojengwa tayari vinaishia Python 3.11. Ukiwa na mpya zaidi, pip itajaribu kuijenga yenyewe kutoka msimbo asilia, na utapata kurasa za makosa. Kwa hiyo, ndani ya folda ya ripoti:

python3.11 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
python -m pip install "pandas==1.5.3" "numpy<2"

Kwenye Windows, mstari wa pili ni .venv\Scripts\activate. Alama za nukuu usiziache, kwani bila hizo terminali huona < kuwa agizo la kusoma faili liitwalo 2. Mradi mpya ufanyie vivyo hivyo kwenye folda yake, na Python yake.

Ukiingiwa na shaka ni NumPy ipi inayotumika, iulize:

python -c "import numpy; print(numpy.__version__, numpy.__file__)"

Njia itakayochapishwa isipopita ndani ya .venv, mazingira hayajawashwa.

Kisha andika masharti hayo mawili kwenye requirements.txt, faili ya orodha ya maktaba za mradi, na juu ya numpy<2 weka mstari unaoanza na # ukieleza sababu. Nakusihi usiuruke. Atakayeurithi mradi huo asipoikuta sababu, ataufuta ukomo akidhani anasafisha.

Mradi mpya ukihitaji takwimu za ule wa zamani, ripoti ziandike faili ya CSV na mwingine uisome.

Siku ukipata nafasi ya kuhamisha ripoti, tengeneza mazingira ya tatu yenye pandas 2.2.2 au zaidi. Hilo ndilo toleo la kwanza linalokubaliana na NumPy 2. Tafuta kwanza kila mahali ulipoongeza safu mlalo kwa append ya DataFrame, yaani jedwali la pandas. Iliondolewa kwenye pandas 2.0, na sasa hutumika concat. Toa ripoti ya mwezi uleule katika mazingira yote mawili, ulinganishe jumla zake, na ya zamani usiyafute hadi zilingane.