Ukuta wa tezi ukioza: kwa anayeanza kutengeneza boti ya faiba

Boti ya faiba yenye mashine ya nyuma mara nyingi huanza kuoza kwenye ukuta wa tezi, yaani ukuta wa nyuma unaofungwa mashine. Baina ya ngozi mbili za faiba mara nyingi kuna plaiwudi, na ndiyo inayobeba uzito na msukumo wa mashine. Maji huifikia kupitia matundu ya boliti, tundu la kutolea maji, na ukingo wa juu uliopasuka.

Hakikisha kwanza kabla hujakata. Gonga kwa nyundo ndogo: penye uzima hulia kwa ukali, palipooza sauti hufifia. Shika mguu wa mashine uusukume juu na chini, mwenzako atazame ukuta. Ukuta ukicheza, mbao zimekwisha. Kisha toboa kitundu kwa ndani, chini karibu na tundu la maji. Unga ukitoka mweusi na umelowa, usijidanganye kwa kumimina rezini, ile gundi ya majimaji inayogandisha faiba, kwenye vitundu. Mbao mbovu haishiki kitu.

Teremsha mashine, egemeza boti sawasawa, na funga ubao wa kukingama kutoka ubavu hadi ubavu ili zisitanuke ukikata. Andika unene wa ukuta, kimo chake kwa katikati na mlalo wake. Boti nyingi ndogo zina unene wa milimita 38 hivi, yaani plaiwudi mbili zilizogandishwa. Kimo ukikikosea, mashine itakaa juu mno au chini mno.

Ngozi ya nje iache, ndiyo iliyoshika umbo. Kata ya ndani kwa grainda, ubakize ukingo wa sentimita 5 kuzunguka, kisha chokonoa mbao kwa patasi mpaka faiba tupu. Hapa wengi huchoka na kuacha vipande vyeusi kwenye pembe. Vitoe vyote. Halafu acha pakauke kabisa, hata ikichukua siku nyingi. Kwa pwani yetu Januari na Februari ni bora kuliko masika. Vaa barakoa, miwani na mikono mirefu: vumbi la faiba huwasha na huumiza mapafu.

Chora kiolezo kwa kadibodi, kata plaiwudi ya baharini, na upake rezini nyuso zote, hasa kingo, kwani ndiko plaiwudi inakonyonya maji. Epoksi hushika faiba ya zamani vizuri kuliko rezini ya kawaida ya poliesta, ila ni ghali. Ukianza na epoksi, malizia na epoksi, maana poliesta haishiki vizuri juu yake. Vipimo vya epoksi fuata kopo bila kuongeza wala kupunguza. Kwa poliesta, hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ni mililita 10 hadi 20 kwa lita, na kwenye joto letu kaa karibu na 10. Changanya kidogo kidogo, ndoo iliyojaa huchemka na kutoa moshi. Hadina hiyo ikiingia jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani isivuliwe.

Gandisha mbao kwa rezini iliyokolezwa kwa unga wake mpaka ikawa uji mzito, ukiipaka kote pasibaki hewa. Kaza kwa boliti na vipande vya mbao, lakini usikaze mpaka uji wote ukatoka. Pembe zijaze uji huohuo ziwe mviringo, kwa sababu faiba haipendi kukunjwa kona kali. Kisha tandika matabaka ya faiba na rezini, kila moja likipita lililotangulia, mpaka yashike mbavu na sakafu kwa sentimita 15 hivi.

Ukifika kwenye boliti, usitoboe na kufunga tu. Toboa tundu kubwa kuliko boliti, lijaze epoksi iliyokolezwa, ikikauka utoboe tena katikati yake kwa kipimo halisi. Hivyo boliti haigusi mbao. Tundu la kutolea maji lifanyie vilevile. Funga mashine kwa boliti zilizopakwa gundi ya baharini ya poliyurethani, na baada ya safari chache kagua kama boliti zimelegea.