Helmeti smati? Bado kaka

Kaka unauliza kama helmeti smati ya pikipiki yenye kamera na Bluetooth inastahili hela yake, mi nakwambia bado. Kumbuka Skully AR-1, helmeti smati ya kampuni ya Marekani, 2014 walichangiwa mtandaoni zaidi ya dola milioni 2, 2016 kampuni ikafungwa na watu kibao helmeti hawajaziona. Alafu helmeti ikishapiga lami kwa nguvu mara moja ndo basi, povu la ndani likibonyea halirudi, kwa hiyo unatupa na mitambo yake humohumo. Chukua ya kawaida yenye alama ya ECE 22.06 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa helmeti), ikubane mashavu, ukitikisa kichwa isicheze, mkanda funga hata ukienda dukani tu, Bluetooth utabandika pembeni baadae, ikifa unabadilisha hiyo peke yake.