Mstaafu wa ujasusi yuko jukwaani, wewe uulize nini?

Wengi wanaoanza kuhudhuria mihadhara ya wazi kuhusu ujasusi, usalama wa taifa na makovu ya vita huingia ukumbini wakitarajia siri. Siri hazitolewi pale. Ofisa mstaafu bado ana kiapo chake, na katika nchi kama Marekani maandishi yake hupitiwa kwanza na idara aliyoitumikia. Ukikaa ukisubiri akudokezee jambo, utatoka mikono mitupu. Cha kuvuna ni namna watu wa kazi hiyo wanavyofikia hitimisho, na mahali wanapopotokea.

Anza kwa kusikiliza kiasi cha uhakika alicho nacho mzungumzaji. Mwaka 1951 wachambuzi wa Marekani waliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia mwaka huo lilipaswa kuhesabiwa kuwa jambo linalowezekana kwa uzito. Sherman Kent, mmoja wa wakuu wa bodi iliyotoa makadirio hayo, akaulizwa na ofisa wa wizara ya mambo ya nje: uzito kiasi gani? Akajibu kwamba kwa maoni yake ni 65 kwa 35 kuwa litatokea. Yule ofisa alishtuka, maana yeye na wenzake walikuwa wameelewa kiwango cha chini zaidi. Kent akarudi kuwauliza wenzake waliopitisha maneno hayohayo. Kuna aliyekuwa na 20 kwa 80 kichwani, na kuna aliyekuwa na 80 kwa 20. Walikuwa wamekaa meza moja, wakakubaliana sentensi moja, na kila mtu akaondoka na vita yake.

Ndiyo maana mzungumzaji akisema "tulikuwa na taarifa kwamba...", mimi huandika pembeni ya daftari: nani aliona? Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alisimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kueleza kuhusu silaha za Iraq. Habari ya maabara za kuhamahama za silaha za kibaiolojia ilitegemea zaidi Mwiraki mmoja aliyeomba hifadhi Ujerumani, aliyepewa jina la siri la Curveball. Waliomhoji ni Wajerumani. Wamarekani walipokea ripoti tu. Mwaka 2011 alikiri hadharani kwamba alitunga. Kwa hiyo swali la nani hasa alizungumza na chanzo ana kwa ana ni swali halali kabisa, na halimlazimishi mtu kuvunja kiapo.

Hapo kwenye kuuliza ndipo wageni wengi hupoteza nafasi yao. Mtu anashika kipaza sauti, anahutubia dakika tatu, kisha anamalizia: "Je, ni kweli serikali ilijua?" Swali la ndiyo au hapana humpa mstaafu mlango wa kutokea, naye ataupita kwa tabasamu: siwezi kuthibitisha wala kukanusha. (Jibu hilo lilipata umaarufu miaka ya 1970, baada ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kuulizwa kuhusu meli Glomar Explorer, iliyotumika kuopoa nyambizi ya Kisovieti baharini.) Jaribu hivi: "Ripoti kama ile ilipofika mezani, nani alikuwa na mamlaka ya kuipinga, na pingamizi lake liliandikwa wapi?" Nimewaona wakivua miwani wakalifikiria swali la aina hiyo. Unauliza utaratibu, na utaratibu wanaweza kuueleza. Mara nyingi hapo ndipo mhadhara wenyewe unapoanza.

Kuhusu kurekodi, muulize mwenyeji kabla. Ukisikia kikao kinafuata kanuni ya Chatham House, taasisi ya London ya masuala ya kimataifa, iliyoanza mwaka 1927, maana yake unaruhusiwa kutumia yaliyosemwa bila kufichua aliyesema wala waliohudhuria. Usiichukulie kama amri ya kunyamaza.

Mihadhara ya makovu ya vita inataka sikio jingine, kwa sababu huenda aliyekaa kiti cha jirani ndiye aliyepoteza watu. Humo kumbukumbu na karatasi hugongana, na usiharakishe kuipa karatasi ushindi. Wazee wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London, ilidhihirika mwaka 2011 kwamba maelfu ya majalada kutoka makoloni ya zamani yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Waliyoyasema wazee yalikuwa yaleyale ya siku zote. Kilichobadilika ni kabati kufunguliwa. Basi mtaalamu akitamka kwamba hakuna ushahidi, muulize kwa adabu: nyaraka hazipo, zilichomwa, au bado zimefungwa? Ni majibu matatu tofauti kabisa, na anayeijua kazi yake hatakasirika.

Mstaafu naye ana kumbukumbu inayompendelea. Kila operesheni anayoisimulia, yeye ndiye aliyeonya mapema. Sina ubaya naye, ila maonyo hayo ningependa kuyaona yakiwa na tarehe.

Weka tarehe ya mhadhara kwenye daftari lako pia, maana yanayofunguliwa baadaye huweza kubadilisha uliyoyasikia leo. Kazi ya kuvunja misimbo ya Ujerumani pale Bletchley Park, Uingereza, ilibaki siri hadi miaka ya 1970, na historia nyingi za Vita Kuu ya Pili zilikuwa zimeshaandikwa bila hiyo.

Mwishoni watu watamzunguka jasusi mstaafu wapige naye picha. Waache. Mfuate yule mwanahistoria aliyekaa ukingoni mwa meza, ambaye hakuna anayemsemesha. Mwombe akutajie jina la hifadhi na namba ya jalada alilolinukuu. Mara nyingi atakuandikia mwenyewe, pamoja na majalada mengine mawili ambayo hakupata muda wa kuyazungumzia.