Kabla ya Kusoma Namba, Mtazame Akinyonya

Mtoto aliyenifundisha kazi hii alikuwa na miezi mitatu na kikohozi. Mama yake alitoka Kayole, akapanda matatu mbili, akangoja kwenye benchi la mwisho, na zamu yake ilipofika akaniambia maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi tangu siku hiyo: "Sista, huyu akinyonya anachoka." Mimi nikaandika kikohozi. Nikahesabu pumzi, zilikuwa za haraka. Kijitabu chake kilionyesha ameshatibiwa nimonia mara mbili. Akapewa dawa ya nimonia mara ya tatu, na lile neno "anachoka" sikuliandika popote. Zilipita wiki tano kabla daktari mmoja hajaweka stetoskopu kifuani mwake, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akamtuma kupigwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kulikuwa na tundu kubwa kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo.

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika wodi za watoto wachanga na kliniki za moyo hapa Nairobi, wiki hizo tano ndizo zinazonifanya niandike. Kila mwaka wanagenzi huniuliza wasome utafiti gani. Someni, tena someni sana, nami nitawatajia baadhi ya zile zilizobadilisha kazi yangu. Lakini utafiti wowote mtakaousoma utawafaa tu ikiwa mmeshajifunza kumtazama mtoto aliye mbele yenu na kumsikiliza aliyembeba.

Mtoto ambaye moyo wake unalemewa hawezi kukuonyesha akiwa amelala. Huonyesha akiwa kazini, na kazi ya mtoto wa miezi miwili ni kunyonya. Mwombeni mama amnyonyeshe pale pale, nanyi mkae kando bila kuharakisha. Atalidaka titi kwa pupa kwa sababu ana njaa kweli. Atavuta mara nne, mara tano. Kisha ataachia, mdomo wazi, matundu ya pua yamepanuka, ngozi ikizama katikati ya mbavu kwa kila pumzi. Atarudi, ataachia tena. Mpapase kisogoni: nywele zimelowa, na jasho lenyewe ni la baridi, hata mwezi wa Julai wakati sisi sote tumevaa sweta. Baada ya dakika kumi amelala, naye hajashiba. Nusu saa baadaye analia. Mama atakwambia "ananyonya kila saa", na ukiwa mgeni utadhani hiyo ni habari njema. Mpeleke kwenye mizani, kisha ulinganishe na mwezi uliopita.

Watu huuliza kwa nini tundu ambalo mtoto amezaliwa nalo lingoje hadi wiki ya nne au ya sita ndipo lionekane. Mtoto anapozaliwa, mishipa ya mapafu yake bado imebana, kwa hiyo damu haina pa kukimbilia. Wiki zinavyopita mishipa hulegea, damu inapenya kupitia tundu na kufurika mapafuni, na moyo unafanya kazi ya ziada bila faida. Ndiyo maana mtoto huyu anaweza kukaguliwa siku ya kwanza akaonekana mzima kabisa. Na ndiyo maana mafuriko hayo hufanana sana na nimonia. Mtoto akirudi na "nimonia" ya pili, sikilizeni moyo. Akirudi na ya tatu bila mtu kuusikiliza, basi sisi ndio tumemkosea.

Kuna kundi lingine ambalo halisubiri wiki sita. Tumboni mwa mama mtoto hatumii mapafu, na kuna kifereji kinachopitisha damu kutoka mshipa wa mapafu moja kwa moja hadi aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Kifereji hicho hujifunga chenyewe siku chache baada ya kuzaliwa. Ipo mioyo ambayo uhai wake wote unakitegemea. Mtoto anaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa salama, kifereji kinafunga siku ya tatu, na anarudishwa akiwa wa rangi ya majivu, baridi, pumzi zimemshinda. Hao ndio wanaotafutwa na kipimo cha oksijeni cha mtoto mchanga, kifaa kinachopitisha mwanga kwenye ngozi: mkono wa kulia na mguu mmoja, baada ya saa 24. Marekani ilikiingiza katika orodha ya vipimo vya watoto wote wachanga mwaka 2011, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika majimbo yaliyokilazimisha, vifo vya mapema vya watoto wenye kasoro hizi kali vilipungua kwa takriban theluthi moja. Mara chache nimeona kifaa kidogo kiasi hicho kikifanya jambo kubwa kiasi hicho.

Sasa naomba mtulie hapa, maana wageni wengi huteleza hapa. Kanuni mtakayofundishwa husema oksijeni katika damu iwe asilimia 95 au zaidi mkononi na mguuni, tofauti isizidi 3, na chini ya 90 ni dharura hapo hapo. Namba hizo zilipatikana zaidi katika miji iliyo karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko juu, karibu mita 1,700. Utafiti wa mwaka 2014 kutoka Colorado, katika hospitali iliyo kwenye mwinuko unaokaribia wetu, uliona watoto wenye mioyo mizima wakianguka kipimo hiki kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 madaktari wa Marekani waliandika kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hiki kilikosa kuuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Wagonjwa wale walikuwa watu wazima, lakini mwanga unaopenya ngozi ni ule ule, na ngozi tunazopima sisi ni kama zao.

Yaani mwinuko unaweza kumwangusha mtoto mzima, na rangi ya ngozi inaweza kumpitisha mtoto mgonjwa. Makosa haya mawili yanavutana pande tofauti, na hayafutani. Kwa hiyo 94 ya Nairobi haimaanishi moja kwa moja kwamba mtoto ana kasoro, wala 96 haimpi cheti cha usalama. Tazameni ulimi na ufizi kwenye mwanga wa dirisha. Vidole na ngozi inayozunguka mdomo huweza kuwa na samawati ya baridi tu. Pimeni tena. Na kabla ya kuiamini namba, hakikisheni mguu una joto. Ukiwa baridi ufungeni kwa shuka kwanza, fungeni kamba ya kifaa bila kuikaza, funikeni mahali hapo kama mtoto yuko chini ya taa ya kutibu manjano, kisha mngoje wimbi kwenye kioo litulie na lilingane na mapigo ya moyo. Nimeona mgeni akiandika namba wakati wimbi bado linarukaruka kama panzi.

Tena, kuna ugonjwa ambao kifaa hiki huupita mara nyingi: aota iliyobana. Namba zaweza kuwa nzuri kabisa. Gusa kinena. Mapigo ya mkononi yakiwa na nguvu na ya kinena yakiwa dhaifu au hayapo kabisa, mwite daktari saa hiyo hiyo. Kugusa huko hakuhitaji umeme wala bajeti. Mwaka 2014 pia, watafiti wa China waliopima watoto zaidi ya 120,000 walionyesha kwamba uchunguzi wa kawaida wa mtoto peke yake ulikamata takriban asilimia 77 ya kasoro kali, na ulipoongezewa kipima oksijeni, viwili hivyo pamoja vikakamata asilimia 93. Utafiti huo naupenda kwa sababu unakiweka kifaa pamoja na masikio na mikono yetu, si mahali pake.

Mtoto wa kifereji akifika kwenu, dawa yake ni prostaglandini, inayokiacha wazi mpaka apate upasuaji. Dawa hiyo yaweza kumsahaulisha mtoto kupumua. Mfuko na barakoa ya kumpumulisha viwe kitandani pake kabla ya tone la kwanza, si kabatini. Na mwenye tetralojia ya Fallot, yaani kasoro nne za moyo kwa pamoja, akigeuka wa samawati ghafla baada ya kulia, mkunjeni magoti mpaka kifuani, mpeni oksijeni, na mtulizeni yeye pamoja na mama yake, huku mmoja wenu akimwita daktari. Nyanya mmoja aliwahi kuniambia mjukuu wake "akicheza kidogo anachuchumaa". Hakuwa amesoma kitabu chochote cha moyo, lakini alikuwa ameshautaja ugonjwa.

Kuna jambo ambalo shuleni hawakunifundisha vya kutosha: swali la mama. Litakuja, mara nyingi baada ya daktari kutoka chumbani. "Sista, nilifanya nini?" Mmoja atauliza kama ni zile odowa, mawe laini ya udongo, alizokuwa akitafuna. Mwingine ameambiwa na mama mkwe kwamba ukoo wao haujawahi kuwa na moyo mbovu, kwa hiyo umetoka kwake. Hapa utafiti ni dawa, ukiuzungumza kwa lugha ya nyumbani. Karibu mtoto 1 kati ya 100 duniani huzaliwa na kasoro ya moyo, kwa matajiri na kwa maskini. Moyo huwa umeshaundika kufikia wiki ya nane ya mimba, wakati kina mama wengine ndio kwanza wanajua kwamba wana mimba. Na mwaka 2013 wanasayansi waliosoma jeni za watoto wenye kasoro kali walikuta kwamba katika takriban mmoja kati ya kumi, mabadiliko mapya ya jeni ndiyo yaliyochangia, mabadiliko ambayo baba hana na mama hana. Yametokea tu, kama kosa la mwandishi anayenakili ukurasa mrefu. Nimemwona baba aliyesimama mlangoni mikono kifuani akisikia hayo, akaja kuketi karibu na mkewe.

Msiwaambie lakini kwamba hakuna la kufanya kwa mimba ijayo. Kisukari kidhibitiwe kabla ya mimba. Dawa za kifafa zikaguliwe na daktari mapema, bila mtu kuziacha ghafla. Chanjo ya surua na rubella tunayo nchini tangu 2016. Na asidi ya foliki: katika jimbo la Quebec huko Kanada, baada ya unga kuanza kuongezewa asidi hiyo mwaka 1998, kasoro kali za moyo zilipungua kwa karibu asilimia 6 kila mwaka. Sheria yetu ya kuongeza virutubishi katika unga wa mahindi na ngano ni ya 2012, ila unga wa kusagiwa mtaani huwa hauna. Basi ulizeni mama anapika unga upi, na mumkumbushe vidonge. Mtoto mwenye hali ya Down naye apigwe eko hata kama kifua chake kiko kimya, kwa kuwa karibu nusu yao wana kasoro ya moyo na mapafu yao huharibika mapema.

Siku moja mama atawaonyesha video kwenye simu: mtoto aliyewekewa vali hai, yaani milango ya moyo, za binadamu mwenzake. Ni kweli. Ilifanyika Duke, Marekani, mwaka 2022, na ripoti ya 2024 ilionyesha vali zile zikikua pamoja na mtoto. Zile za kawaida hazikui, na mtoto hulazimika kurudi kupasuliwa tena na tena. Furahini pamoja naye, kisha mmrudishe kwa tundu la mwanawe, ambalo wapasuaji wa hapa Nairobi wanajua kuliziba.

Shida ni kufika kwao kwa wakati. Tundu dogo laweza kujiziba lenyewe, na mama aambiwe hivyo waziwazi ili apate usingizi. Tundu kubwa likiachwa, mishipa ya mapafu hukomaa na kuwa migumu, na inafika siku ambayo upasuaji ungemuua. Mwaka 2017 kasoro hizi ziliua watu wapatao 261,000 duniani, na karibu 180,000 kati yao hawakuwa wametimiza mwaka mmoja. Nikisoma namba hiyo huwa nawaona waliopotea kwenye daftari letu: nauli ilikosekana, mama alirudi mashambani, laini ya simu ilibadilishwa. Wapo waliopona kwa michango ya watu wanaokimbia na kutembea katika Mater Heart Run, mbio za hisani za Hospitali ya Mater zilizoanza 1993, na wapo waliopona kwa bima. Kagueni usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, siku ile ile kasoro inapogunduliwa, msingoje tarehe ya upasuaji.

Na kwenye jalada la mtoto andikeni namba tatu za simu: ya mama, ya baba au shangazi, na ya jirani au mwenye duka anakonunua mkate. Andikeni jina la steji anayoshukia. Sisi kliniki yetu ni Jumanne. Jumatatu saa kumi jioni mimi huketi na jalada hizo na simu, nikianza na wale waliokosa mara ya mwisho.