Asilimia 4 ya pesa za diaspora: hesabu yake

Ndugu yangu, husemwa kwamba pesa wanazotuma Wakenya walio nje (diaspora) ni sawa na asilimia 4 ya pato la taifa la Kenya, nawe umeuliza hiyo asilimia 4 inatoka wapi. Chukua mwaka 2024: Benki Kuu ya Kenya iliandika kuwa zilitumwa dola bilioni 4.94 hivi. Zidisha kwa wastani wa kubadilishia fedha wa mwaka mzima, karibu shilingi 135, upate shilingi bilioni 667. Gawanya kwa pato la taifa kwa bei za mwaka huohuo, trilioni 16.2. Jibu ni asilimia 4.1. Ukitumia bei ya dola ya Desemba, shilingi 129, utapata 3.9, maana mwanzo wa mwaka dola ilikuwa juu mno. Hapo ndipo wengi hukosea.

Benki ya Dunia nayo, katika hesabu yake ya pesa hizi, hujumlisha vitu viwili: pesa anazotuma binti aliye Jeddah kwa mamake Likoni, na mshahara wa mkaazi anayelipwa na mwajiri wa nje, mfano baharia wa Mombasa kwenye meli ya kigeni. Mshahara huo huhesabiwa mzima, hata alizozila bandarini huko. M-Pesa ya kutoka Nairobi haimo, kwa kuwa ni ya ndani ya nchi. Hawala (pesa zinazotumwa kupitia mawakala wasio rasmi) na bahasha aliyopewa msafiri hazimo kwa Benki Kuu, kwa kuwa yenyewe huhesabu zinazopita benki na kampuni zenye leseni tu.

Kwa Komoro, pesa hizi hufika karibu moja ya tano ya pato la taifa. Si kwamba Wangazija (watu wa Komoro) hutuma dola nyingi kutushinda sisi Wakenya, la. Uchumi wao wenyewe ndio mdogo.